Saba, Kumi, Kumi na Tatu

Vitabu vya watafiti waliofanya kazi Gusii, nchini Kenya, miaka ya 1940 na 1950 vinaigawa nchi hii sehemu saba: Kitutu, North Mugirango, South Mugirango, Majoge, Wanjare, Bassi na Nyaribari. Ndivyo majina yalivyoandikwa enzi za ukoloni, na ndivyo utakavyoyakuta kwa wasomi kama Philip Mayer, aliyechapisha kazi yake kuhusu koo za Abagusii mwaka 1949, na Robert na Barbara LeVine, walioishi huku katikati ya miaka ya 1950. Ukifika uchaguzi wa 2007, Abagusii wanapiga kura katika maeneobunge 10. Ukifika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, yamekuwa 13: tisa katika kaunti ya Kisii na manne katika kaunti ya Nyamira.

Orodha tatu, ardhi moja. Kwa mwanahistoria hiyo ni kazi ya ramani na subira. Mimi hufundisha vijana kuandika programu mjini Kisii, na kwangu hakuna data bora kuliko hizi za kuonyesha tatizo moja linalowakwamisha wengi: jaribio la programu linapofeli kwa sababu mikusanyo miwili hailingani, na vitu vilivyomo ndani havipangiki, ujumbe wa kosa unaweza kukupeleka mbali kabisa na kosa lenyewe. Ujumbe huo nao una historia yake. Nimezifuata njia zote mbili kwa pamoja, ya orodha na ya ujumbe, kwa kuwa kila moja inaimulika nyenzake.

Jaribio lenyewe ni fupi. Programu inasoma faili ya maeneobunge na kuyatoa kama orodha. Kila eneobunge ni kamusi, yaani rekodi ndogo yenye jina, kaunti na wadi zake. Pembeni tuna orodha nyingine tuliyoiandika kwa mkono kufuata mipaka ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. Tunataka kujua kama zote mbili zina vitu vile vile, bila kujali kipi kimetangulia. Karibu kila mwanafunzi hufanya lile lile: hupanga orodha zote mbili kwanza, kisha huzilinganisha. Python, lugha tunayoandikia, inamjibu kwa TypeError, kwamba alama ya "<" haitumiki kati ya kamusi na kamusi. Basi. Hakuna neno kuhusu Bomachoge wala Nyaribari. Orodha huenda zinalingana, huenda hazilingani. Jaribio limekufa njiani kabla ya kulinganisha chochote.

"Mwalimu, mbona inataka kujua nani mdogo?" Msichana aliyeuliza hivyo alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Sisi tuliuliza kama ni vile vile. Kupanga kunauliza swali jingine, nani atangulie, na kwa vitu vingi duniani swali hilo halina jibu.

Zana za kuandikia majaribio ya aina hii zilianza katika lugha ya Smalltalk. Mwaka 1994 Kent Beck alichapisha makala fupi iliyoeleza namna ya kumfanya mwandishi wa programu aandike majaribio kwa lugha ile ile anayoandikia kazi yake. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma waliiandika JUnit, ya lugha ya Java, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda mkutano wa OOPSLA huko Atlanta. Steve Purcell akalileta wazo hilo kwenye Python, na mwaka 2001 kazi yake ikaingizwa katika toleo la 2.1 kwa jina la unittest. Katika zana hizo za mwanzo mambo yalikuwa machache: sema unachotarajia, sema ulichopata, na kama si sawa, chapisha vyote viwili. Kwa namba moja au neno moja hiyo ilitosha. Kwa orodha ya rekodi 13, kila moja na wadi zake, unapata mistari miwili mirefu ya mabano na koma, kisha unaachiwa macho yako.

Hapo ndipo mazoea ya kupanga kwanza yalipozaliwa, na kwa muda mrefu yalionekana salama, kwa kuwa Python ya zamani ilikubali kupanga karibu kila kitu. Namba ilitangulia neno. Vitu vya aina tofauti vilipangwa kwa jina la aina. Kamusi mbili zilipimwa kwanza kwa idadi ya vilivyomo, kisha kwa ufunguo mdogo kabisa ambao thamani zake zilitofautiana. Na kitu ambacho mwandishi hakukielezea chochote kilipangwa kwa anwani yake katika kumbukumbu ya kompyuta, yaani mahali kilipotokea kuwekwa siku hiyo. Fikiria maana yake. Unaendesha jaribio asubuhi, linapita. Unaliendesha jioni bila kugusa hata herufi moja, linafeli, kwa sababu vitu vile vile vimewekwa kwingine na mpangilio umegeuka. Mtu huyo anatafuta kosa ndani ya msimbo wake, na huko halimo.

Tarehe 3 Desemba 2008 Python 3.0 ilitoka na ikaufunga mlango huo. Kuanzia hapo, vitu visivyo na mpangilio wa maana vikiwekewa "<" huleta TypeError. Wengi walilalamika, kwa sababu majaribio yaliyokuwa yakipita yalianza kuanguka. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa haki kabisa. Lugha ilikataa kutoa jibu la uongo kwa swali lisilo na jibu, na kelele ile ya kosa ina manufaa zaidi kuliko ule ukimya wa kwanza.

Ila bado swali halisi lilihitaji kujibiwa. Wahandisi wa Google walikuwa wameandika mbinu zao za ziada za majaribio, na Gregory P. Smith, Michael Foord na Guido van Rossum mwenyewe, muasisi wa Python, wakafanya kazi ya kuziingiza katika unittest. Mojawapo ilikuwa assertSameElements ya Python 3.1. Hii iliangalia kama vitu vilivyomo upande mmoja vimo upande wa pili, bila kuhesabu kila kimoja kinatokea mara ngapi.

Kwa mtu wa Gusii hilo ni shimo linaloonekana kutoka mbali. Chukua maeneobunge yetu 13 kama yanavyoandikwa rasmi: Bonchari, South Mugirango, Bomachoge Borabu, Bobasi, Bomachoge Chache, Nyaribari Masaba, Nyaribari Chache, Kitutu Chache North, Kitutu Chache South, Kitutu Masaba, West Mugirango, North Mugirango na Borabu. Sasa fikiria programu yenye kasoro inayobakiza neno la mwisho tu la kila jina. Mugirango inatokea mara tatu. Borabu, Masaba na Chache zinatokea mara mbili mbili. Maeneo 13 yamebaki majina manane. Ukimpa mtu orodha ya majina hayo manane bila kurudia, assertSameElements ingesema ziko sawa. Borabu ya Nyamira, iliyokua kutokana na mashamba ya makazi mapya ya miaka ya 1960, na Bomachoge Borabu iliyo Kisii zingehesabiwa kuwa kitu kimoja, na jaribio lingepita bila neno.

Tarehe 3 Julai 2010 Python 2.7 ilikuja na assertItemsEqual, inayohesabu. Katika toleo la 3.2 la Februari 2011, kazi hiyo ikapewa jina la assertCountEqual, kwa mkono wa Raymond Hettinger, ambaye pia ndiye aliyeandika Counter, chombo cha kuhesabia vitu. Utaratibu wake unapendeza. Vitu vikiwa vya aina inayoweza kutiwa kwenye Counter, huhesabiwa huko. Visipowezekana, kama kamusi zetu, programu huchukua kimoja kimoja na kukipambanisha na vingine vyote, ikiuliza swali moja tu: ni sawa au si sawa? Hakuna mahali inapolazimu kujua nani atangulie. Na jaribio likifeli, ujumbe unataja kila kitu chenye hesabu isiyolingana: upande wa kwanza unacho kimoja, upande wa pili hauna, na kitu chenyewe ni hiki.

Gharama yake ipo. Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20. Wadi 65 zikipambanishwa hivyo ni ulinganisho 4,225 ukihesabu kila jozi, kitu ambacho kompyuta haikihisi. Wadi zote 1,450 za Kenya zinafika zaidi ya milioni mbili. Bado inavumilika, ingawa kwa data kubwa kuliko hizo utaanza kusubiri.

Jamaa wa lugha ya Ruby walipita njia inayofanana. Zana yao ya RSpec, ambayo Steven Baker aliianzisha mwaka 2005, inapolinganisha mikusanyo bila kujali mpangilio hutoa mistari miwili ninayoipenda kuliko ujumbe wowote mwingine wa kosa: vilivyokosekana ni hivi, vilivyozidi ni hivi.

Rudi sasa Gusii na uiulize mashine swali la mwaka 2012. Katiba ya 2010 ilipandisha idadi ya maeneobunge nchini kutoka 210 hadi 290. Tume ya muda ya Andrew Ligale ilianza kazi ya kuchora mipaka, na IEBC chini ya Issack Hassan ikaimaliza. Linganisha orodha ya 2007 na ya 2013, na ujumbe unatoka safi. Majina saba yako pande zote mbili wala hayatajwi. Yaliyokosekana ni matatu: Bomachoge, Kitutu Chache na North Mugirango Borabu. Yaliyozidi ni sita: Bomachoge Borabu, Bomachoge Chache, Kitutu Chache North, Kitutu Chache South, North Mugirango na Borabu. Huhitaji kitabu kujua kilichotokea. Matatu yaligawanywa mawili mawili, na ujumbe wa kosa umeandika historia hiyo kwa mistari tisa.

Ila mistari hiyo inatoka safi kwa sababu nililinganisha majina matupu. Weka rekodi nzima, na wadi zake ndani, na mambo yanaanza kuchafuka. Mbinu ya kulinganisha orodha kwa orodha, assertListEqual, huacha kuonyesha maelezo ya tofauti yakizidi herufi 640, isipokuwa uifute kwanza ile nambari ya maxDiff kwa kuipa None. Watu wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Wanaona maelezo hayakuonyeshwa, wanakisia, wanabadilisha kitu kwenye msimbo, wanaendesha tena. Ondoa kikomo hicho kwanza, usome ujumbe wote, ndipo uguse msimbo.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi, kwa sababu hautoi sauti. Badala ya orodha ya wadi, tumia seti. Borabu ni seti ya wadi nne: Mekenene, Kiabonyoru, Nyansiongo na Esise. Kitutu Masaba ina zake sita, North Mugirango zake tano. Kwa seti, alama ya "<" inakubalika, lakini maana yake ni kuwa ndani ya nyingine. Borabu iko ndani ya Nyamira? Ndiyo. Borabu iko ndani ya Kitutu Masaba? Hapana. Kitutu Masaba iko ndani ya Borabu? Hapana tena. Mbinu ya kupanga ya Python, ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002, huuliza swali hilo moja tu la "<". Ikijibiwa hapana kila mara, inaamini kwamba vitu tayari vimepangwa na inaviacha vilivyo. Kwa hiyo ukipanga orodha ya seti hizo tatu ikianza na Borabu, na nyingine ikianza na North Mugirango, kila orodha inabaki kama ilivyokuja. Hakuna TypeError. Jaribio linakuambia zinatofautiana tangu nafasi ya kwanza, na kumbe zote zina maeneo yale yale. Mwongozo wa Python unaonya waziwazi kwamba matokeo ya kupanga orodha ya seti hayana uhakika. Onyo hilo ningelitundika ukutani.

Hata mbinu za kuchapisha zinaingia mtego huu. Unapolinganisha kamusi mbili kubwa, unittest huzichapa kwa pprint, ambayo hujaribu kupanga funguo ili macho yako yasome kwa urahisi. Funguo zikiwa hazipangiki, pprint haianguki. Inakimbilia jina la aina, kisha anwani ya kumbukumbu. Kwa wema huo, funguo zilizo sawa zinaweza kuchapwa kwa mfuatano mmoja huku na mfuatano mwingine kule, na alama za kuongeza na kutoa zikajaa skrini mahali pasipo na tofauti. Kosa lako ni moja, liko mstari mmoja, na limezikwa chini ya mistari thelathini ya mpangilio uliozuliwa. Kwa seti za maneno ni vivyo hivyo: tangu Python 3.3 ya 2012, mfuatano wa kuchapwa kwake unaweza kubadilika kila unapoendesha programu, hivyo ujumbe wa leo haufanani na wa jana hata kama kosa ni lile lile.

Ninawashauri vijana wachague wenyewe cha kupangia wanapotaka kupanga kwa ajili ya kusoma. IEBC imelipa kila eneobunge nambari: Bonchari ni 261, Borabu ni 273, na mengine yote ya Gusii yako katikati. Nambari hizo hazisemi nani mkubwa wala nani alitangulia kufika. Zinatosha kabisa kufanya ujumbe wa leo na wa kesho ufanane. Na kama vitu ni vya aina uliyoiunda mwenyewe, ipe aina hiyo namna ya kujitaja na namna ya kutambua usawa. Usipofanya hivyo, ujumbe utakuonyesha jina la aina na anwani ya kumbukumbu tu, na Bobasi mbili zilizo sawa kwa kila kitu zitaitwa tofauti kwa kuwa zimekaa sehemu mbili za kumbukumbu. Tangu Python 3.7 ya mwaka 2018 kuna dataclass, pendekezo la Eric V. Smith, inayokupa vyote viwili bila kazi. Mpangilio haikupi, mpaka uombe. Miaka kumi baada ya 3.0, lugha imefika mahali ambapo usawa ni haki ya kila kitu na mpangilio ni wa aliyeuomba.

Nimeiacha orodha ya kwanza hadi sasa, ile ya saba, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu ambao hakuna mbinu ya Python inayoumaliza. Ilinganishe na ya 2013 kwa majina, na mashine inakubali mawili tu: North Mugirango na South Mugirango. Matano yamekosekana, 11 yamezidi. Sasa soma kama mtu wa huku. Wanjare ni Bonchari, nchi ya Abanchari, kama mkoloni alivyoisikia na kuiandika. Bassi ni Bobasi. Majoge ni Bomachoge. Mashine imekataa vitu vilivyo sawa. Kisha angalia ilichokubali: North Mugirango ya miaka ya 1940 ilikuwa kubwa, na ndani yake ndimo ilimotoka West Mugirango ya leo. North Mugirango ya 2013 ina wadi tano: Itibo, Bomwagamo, Bokeira, Magwagwa na Ekerenyo. Jina ni moja, eneo si moja. Jaribio limepitisha kile ambacho lingepaswa kukikataa.

Majina yamehama hata ndani ya maisha ya mtu mmoja. George Anyona aliingia Bunge mwaka 1974 kama mbunge wa Kitutu East, na 1992 akarudi kama mbunge wa Kitutu Masaba. Anayelinganisha rekodi za Bunge kwa jina la eneo atamwona Anyona akiondoka mahali pamoja na kuibuka kwingine.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu ujumbe, lazima uamue usawa ni nini. Ni jina? Ni ardhi? Ni watu wanaopiga kura pale? Kwenye kazi yangu nimeandika jedwali linalounganisha tahajia za zamani na za leo, Wanjare kwa Bonchari, Bassi kwa Bobasi, na kila rekodi ina mwaka wake, ili North Mugirango ya wakati mmoja isifananishwe na ya wakati mwingine kwa ajili ya jina tu. Baada ya hapo ujumbe wa assertCountEqual unasomeka, kwa sababu kila kilichokosekana kimekosekana kweli.

Keroka bado inanisumbua. Mpaka wa kaunti unapita kwenye mji huo, upande mmoja ukiwa Kitutu Masaba ya Nyamira, mwingine Nyaribari Masaba ya Kisii, na kaunti hizo mbili zimevutana juu ya ushuru wa soko lake. Ukiandika orodha ya masoko ya kila kaunti na kuziunganisha, Keroka inatokea mara mbili. Mbinu isiyohesabu itaimeza mara moja bila kukuambia. Mbinu inayohesabu itafeli na kukutajia Keroka kwa jina, upande mmoja mbili, upande wa pili moja, na hapo utalazimika kuamua kama soko ni moja au ni mawili. Mimi nimeliandika mara mbili, kila moja na kaunti yake.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 wakati IEBC haikuwa na makamishna. Mapitio yatakapofanyika na jina lolote la Gusii likaguswa, jaribio letu la maeneobunge 13 litafeli siku ya kwanza tutakapopakia faili mpya, na nimehakikisha kwamba litakapofeli litataja kwanza majina yaliyoondoka, kisha yaliyoingia, yakifuata nambari za tume.